Shuka la Tabia

Jumamosi mjini Dodoma ni siku ndefu kwa mtu asiye na mtu. Wapangaji wenzangu pale Nkuhungu wanafua, wanasukana nywele, wanagombania kamba ya kuanikia, na ikifika saa saba kila mmoja ana mtu wa kula naye. Mimi pia nafua, lakini nguo za mtu mmoja zinaisha kabla chai haijapoa. Nilikuwa na mwaka wa tatu katika chumba kile. Kazi yangu ni ukarani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, na pale uani waliniita dada wa mafaili. Sina hakika kama walilijua jina langu. Sisemi haya ili nionewe huruma, huruma inaniudhi. Nayasema ili ieleweke kwa nini nilifanya upuuzi nilioufanya.

Siku moja nilikwenda steshenari kwa Halfani kutoa kopi ya kitambulisho. Mbele yangu kijana mwenye miwani alikuwa anatolewa kopi za karatasi za namna moja, zenye visanduku vya nguvu, wepesi na akili, vyote kwa Kiingereza. Nikachungulia, kwa kuwa sijui kuacha kuchungulia. Juu kabisa palikuwa pameandikwa: Character Sheet.

Nikaduwaa. Karatasi. Kumbe miaka yote ile ilikuwa karatasi.

Hapa inabidi nimweleze Sidonia. Tulikua pamoja Mpwapwa, nyumba zetu zikitenganishwa na ua wa minyaa wenye tundu la kupita watoto. Baba yake alikuwa mlinzi kwa Mzungu mmoja aliyekuja kufundisha mambo ya mifugo. Mzungu alipoondoka alimwachia mzee chandarua, suruali mbili na kitabu kikubwa kilichokwisha kupoteza jalada. Mzee akachukua chandarua na suruali. Kitabu kikachukuliwa na Sidonia. Tulikuwa darasa la sita, Kiingereza chetu hakikuvuka salamu za kumwamkia mwalimu, lakini Sidonia alikuwa na kamusi kuukuu ya kaka yake na kichwa kigumu. Baada ya wiki tatu akaniita uani kwao na kunitangazia kwamba kile si kitabu cha hadithi, ni kitabu cha kutengenezea hadithi. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu waliomo ndani yake na wanaamua watafanya nini, na bahati inaamua kama watafanikiwa.

"Sasa nani anashinda?" nikamuuliza.

"Hakuna anayeshinda, we Zipo. Tunaendelea tu."

Jina langu ni Zipora. Zipo aliniita yeye peke yake.

Kitabu kilidai dadu yenye nyuso ishirini, kitu ambacho hatukuamini kama kinaweza kuwepo duniani. Tukaandika namba kwenye vizibo ishirini vya soda, tukavitia kwenye kopo, unachomoa kimoja bila kuangalia. Msimulizi alikuwa akiitwa Master. Kamusi ikasema ni bwana. Mama yake Sidonia akatusikia tukimwita binti yake Bwana, akaja juu: Bwana ni mmoja tu, na hakai uani kwangu! Tukambadilisha kuwa Mwenyekiti. Halafu tukafika kwenye sentensi iliyosema kila mchezaji lazima awe na character sheet. Mfano wake ulikuwa kwenye kurasa za mwisho, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeshawashiwa jiko zamani. Tukarudi kwenye kamusi. Character ni tabia. Sheet ni shuka. Sidonia hakusita hata kidogo. Kesho yake kila mtu aje na shuka lake.

Nikaliiba shuka la kitandani kwangu, jeupe lenye mistari ya bluu, nikalifunga begani kama wafanyavyo wachunga ng'ombe, na Sidonia akaniandikia tabia zangu kwa kalamu ya wino. Mama alinichapa kwa ajili ya shuka lile, na mpaka leo sioni alikosea wapi.

Kwa kuwa lilikuwa shuka la tabia, mchezo wetu ukawa wa tabia. Sidonia alitunga kanuni ambazo hazikuwemo popote kitabuni. Tabia yako hujiandikii mwenyewe, anakuandikia mwenzako. Ikishaandikwa haifutwi, maana wino hautoki. Ukitaka iondoke, lazima uonyeshe mara tatu mchezoni kwamba umeiacha, na hapo Mwenyekiti anaishonea kiraka. Langu lilianza na "mkaidi" na "anachungulia". Kisha siku moja sketi ya Sidonia ilichanika mbele ya darasa, darasa zima likamcheka, na mimi nikacheka. Jioni hakunigombeza. Alichukua kalamu akaandika: anacheka na wengi. Niliyelia ni mimi.

Ilinichukua mwezi mzima. Nilikuwa mpagazi katika msafara wa chumvi uliopita milima ya Kiboriani, na kila mara Mwenyekiti aliniwekea njia mbili, kwenda na kundi au kubaki na mmoja aliyeanguka. Mara ya tatu nilipobaki, alinishonea kiraka cha kitenge chekundu, ameshona vibaya, uzi umevutika. Niseme wazi: sijapendwa na mtu mwingine kwa namna ile, ya kuambiwa ubaya wangu na kusubiriwa mpaka niuache.

Kisha maisha yakafanya kazi yake. Mimi nilikwenda shule ya bweni, Sidonia akabaki kumuuguza baba yake, baadaye akaolewa na Lameck na kuhamia Haneti, wakalima alizeti. Tulipigiana simu kila Jumapili, kisha kila mwezi. Hatukuwahi kugombana. Umbali tu, na mimi kuona haya kwamba sina jipya la kumsimulia.

Basi pale steshenari nikamuuliza yule kijana zile karatasi ni za nini, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu mtu akafurahi kunijibu. Aliitwa Ernest, mtu wa kompyuta. Walikuwa wanakutana kwake Kisasa kila Jumamosi mchana, yeye, Rose wa maabara na Nathan. "Njoo bwana, tunahitaji mtu wa nne," akasema. Nilirudi Nkuhungu nikitembea kwa miguu ili nisifike haraka.

Jumamosi mbili za kwanza nilikaa kimya. Walicheza haraka, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na dadu zao zilikuwa za rangi, zinang'aa, moja kweli ina nyuso ishirini. Nilijiona mshamba. Jumamosi ya tatu Rose akaniuliza nilijifunzia wapi mchezo huu, nikawasimulia habari ya shuka.

Nilianza vizuri. Wakaanza kucheka, wote watatu wamenigeukia, Nathan ameshika tumbo, na nikasikia joto ambalo nilikuwa nimelisahau. Nikaongeza chumvi. Nikasema, "Mimi nilimwambia Sidonia kabisa, hii ni karatasi. Akakataa katakata! Akasema nani kakuambia, we nenda kalete shuka."

Uongo. Sikumwambia kitu. Nilikimbilia shuka kabla hajamaliza sentensi.

Tangu siku hiyo nikawa mwenzao, na Sidonia akawa neno. Mtu akisoma kanuni vibaya, wanasema amefanya Sidonia. "Samahani jamani, hapo nimefanya Sidonia." Nilicheka kila mara. Nilizoea upesi sana.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua, Sidonia mwenyewe akanipigia simu. Anakuja Dodoma kununua mbegu, atalala kwangu siku mbili, watoto wanabaki na baba yao. Alifika Ijumaa na kuku, kibuyu cha maziwa ya mgando na kicheko kilekile kilichowafanya wapangaji wachungulie madirishani. Alipoingia chumbani akaona dadu juu ya meza. Nilikuwa nimeshanunua zangu.

"Zipo kweli!" akapiga kelele.

Nikadhani ananiita, nikaitika. Alikuwa anazisema dadu. Tulicheka mpaka akakaa chini. Aliishika ile ya nyuso ishirini, akaigeuzageuza akihesabu nyuso kwa kidole, zote. Halafu akaiona karatasi yangu ya mhusika. Akasoma juu. Midomo ikaanza kumchezacheza.

"Karatasi," akasema. "We Zipo! Karatasi!"

Hakuna aliyewahi kulicheka lile kosa kama alivyolicheka yeye. Alifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mama zetu walituchapa bure," akasema. "Masikini sisi, wawili na kamusi yetu." Alisema sisi. Alisema wawili. Nilijua kinachofuata. "Kwa hiyo kuna watu hapa wanacheza? Nipeleke kesho. Nipeleke, nitakaa kimya."

Ningeweza kusema wamesafiri. Lakini nilitaka kwenda naye, nataka mjue hilo. Nilitaka kukaa naye mezani tena kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule. Nikatafuta njia ya mkato. Tulipofika kwa Ernest, kabla Sidonia hajafungua mdomo, nikasema, "Jamani, huyu ni Mama Jenifa, rafiki yangu kutoka Haneti."

Si uongo. Mwanawe mkubwa ni Jenifa, na mwanamke mwenye mtoto huitwa hivyo kila mahali. Sidonia alinitazama kidogo, kwa kuwa sijawahi kumwita hivyo maishani, kisha akasalimia.

Alicheza vizuri kuliko sisi sote. Ernest alitukwamisha kwenye mlango wenye walinzi, tukawa tunahesabu silaha, Mama Jenifa akauliza yule mlinzi mdogo ana njaa ya tangu lini. Akazungumza naye dakika kumi, mlinzi akatufungulia mlango. Nathan akapiga makofi. Nilijaa fahari, nikasahau hatari. Ndipo Rose akarusha dadu, akajumlisha, akagundua amesoma safu isiyo yake.

"Aah, jamani, nimefanya Sidonia."

Wakacheka. Sidonia akainua macho.

"Umefanya nani?"

"Usijali, ni utani wetu," Ernest akasema, na akamweleza. Alimweleza yote, kwa uzuri, maana ni msimulizi mzuri. Kulikuwa na msichana mmoja Mpwapwa, mbishi balaa, alisoma sheet akadhani ni shuka. Zipora akamwambia ni karatasi, akakataa katakata. Nani kakuambia, we nenda kalete shuka! Ernest aliigiza mpaka sauti, sauti niliyompa mimi.

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa ndefu, mtu angeweza kumenya chungwa ndani yake. Ningesema: Sidonia ni huyu, na mimi nilidanganya. Maneno sita. Sidonia hakuwa anamtazama Ernest. Alikuwa ananitazama mimi, na hakuwa na hasira, alikuwa anasubiri, vilevile alivyokuwa akisubiri akiwa Mwenyekiti, njia mbili mbele yangu.

Nikacheka. Wengine walikuwa wanacheka, nami nikacheka.

"Kumbe," Sidonia akasema. Akatabasamu. "Mbishi kweli huyo." Akarudi mchezoni, akacheza zamu zake zote mpaka mwisho, akamshukuru Ernest kwa chai.

Kwenye bajaji aliniambia dadu zao ni nzuri. Nyumbani alipika yeye, akakunja nguo zake, akapanga mifuko ya mbegu karibu na mlango. Kila nilipotaka kuanza alinitangulia na jambo lingine, bei ya mafuta ya kula, jino la Jenifa. Asubuhi nilimsindikiza stendi. "Asante kwa kunipokea, dada Zipora," akasema, akapanda basi.

Dada Zipora.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kisasa nikawaambia ukweli. Rose alijiziba mdomo. Ernest akasema, "Sasa si ungetuambia?" Walikuwa wapole kwangu siku nzima, wakalitupa lile neno, na upole wao ulinishinda. Sikurudi tena. Dadu ziko mezani kwangu. Wakati mwingine narusha ile ya ishirini nikiwa peke yangu. Inatoa namba, na sina wa kumwambia namba hiyo.

Ujumbe wa Sidonia ulikuwa unakuja kama zamani, tena kwa wakati kuliko zamani. Habari za kazi, dada Zipora. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nilitamani anitukane. Nilimwandikia mara nne kuomba radhi, ndefu, na mara nne nilifuta, kwa kuwa radhi ya kuandikwa inamwezesha mtu ajibu sawa tu. Nilikaa hivyo mpaka mwezi wa sita. Nikamwambia nakuja. Akajibu: Karibu sana, tutafurahi.

Nilimkuta uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai, yeye na majirani wawili. Nikaweka mkoba chini, nikatafuta fimbo.

"Hapana, hapana, utachafuka," akasema. Akaniletea kiti cha ndani, kile chenye kitambaa, akakiweka kivulini. Akanawa mikono ndipo akanishika mkono. Nikaletewa soda kwenye sinia. Nilikaa pale nikiitazama kazi, mikono imelala mapajani, na majirani wakaniamkia kwa heshima na kuniuliza habari za serikali.

Walipoondoka nikasema, "Sido, siku ile kwa Ernest."

"Siku ipi?" Akafikiri, au akajifanya anafikiri. "Aa, ile? Ile ilishaisha, dada."

"Haijaisha. Nilidanganya, na ulipokuwa umekaa pale nikanyamaza. Nilikuona unanisubiri. Ningekuwa na..."

"Nimeshasamehe," akasema, laini, akinigusa bega. "Kweli kabisa. Siku ileile nilisamehe. Usijitese. Kunywa soda, inapata joto."

Na alikuwa amesamehe kweli, nilimwona usoni. Hakukuwa na kitu pale, wala kinyongo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake miezi saba mizima, nimekariri majibu, na hakukuwa na mlango wa kugonga. Nilitaka kumwambia niandikie chochote, kibaya kuliko vyote, halafu nisubiri. Lakini mtu hakuandikii tabia kama hana mpango wa kuendelea na wewe.

Mchana alichinja kuku. Lameck alirudi kutoka shambani, akafurahi kuniona, akaomba radhi kwa nyumba ambayo haikuwa na kasoro. Jenifa, msichana wa miaka tisa mwenye uso wa mama yake mtupu, akaja na birika na beseni kuninawisha. Alinimwagia maji polepole huku akinichunguza.

"Mama," akauliza, "huyu ndiye Zipo wa Mpwapwa?"

Kumbe alikuwa amesimuliwa. Kumbe nyumbani kwa Sidonia nilikuwemo, na msafara, na chumvi, na mlima. Nilimtazama Sidonia. Maji ya kunawa yakanimwagika viganjani.

Sidonia alikuwa anapakua. Hakugeuka mara moja.

"Hapana," akamjibu mwanawe. "Huyu ni anti Zipora, wa Dodoma. Msalimie."

"Shikamoo, anti."

Ningeweza kusema ndiye mimi. Lakini lile jina nilipewa na yeye, na aliyenipa alikuwa amesimama palepale.

"Marahaba," nikasema. "Hujambo?"

"Sijambo."

Tukakaa mezani. Sidonia akachukua kijiko, akatafuta ndani ya bakuli la kuku, akatoa firigisi. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Haipewi mtoto, haipewi mwanamke, na baba huiachia mgeni mkubwa tu. Kwao Mpwapwa nilikula kuku mara nyingi, mimi na Sidonia tukigombania shingo. Akapita sahani ya Lameck, akaiweka kwenye yangu.

"Mgeni wetu, karibu," akasema Lameck.

Hakuna aliyegusa chakula. Walikuwa wananingoja nianze. Nikaichukua firigisi nikaitia mdomoni, nikatafuna, ngumu, yenye chumvi ya kutosha, na nilipomeza Sidonia akamwambia Jenifa sasa mnaweza kula.